Njia Tuliyoilima

Mtu anayeshuka kwenye basi bila mzigo mimi simwamini, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nimeuza chai na maandazi pale kituoni Lihangwe, kwenye barabara ya Namtumbo, tangu mwanangu Leo yuko mgongoni, na sasa Leo ana watoto wake Dar es Salaam. Miaka yote hiyo nimejifunza kuwasoma watu kwa wanachoshusha. Mwenye mfuko wa mbolea ni mkulima. Mwenye godoro amehamishwa kikazi. Mwenye mikono mitupu na macho mekundu ameleta habari ya msiba, na huyo tunamsogezea kigoda kabla hajafungua mdomo.

Sasa Mwalimu Aloyce aliposhuka Jumamosi ile ya kwanza, mwezi wa tano mwaka tisini na tano, mikono mitupu na macho meupe kabisa, nilishindwa nimweke fungu gani.

Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwembamba, kofia ya ukindu kichwani na raba za michezo miguuni. Mgongoni alikuwa na kibegi kisichotosha hata vibaba viwili vya mahindi. Alinisalimu kwa heshima, akaagiza chai ya rangi, akasema anafundisha sekondari mjini Songea na amepanga chumba Lizaboni. Nikamuuliza anakwenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu, mama. Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Hadi Mkuyuni. Nikitoka huko nitaikuta barabara ya kusini, nipande gari nirudi Songea."

Birika nililiweka chini. Niwaeleze mambo yalivyo kwetu ili mjue kwa nini. Mkuyuni iko nyuma ya kilima. Kutoka kituoni kulikuwa na njia ya miguu iliyokata katikati ya shamba la zamani la tumbaku, shamba lililolala pori tangu ushirika ulipokufa, na kwa njia hiyo ulifika Mkuyuni kwa dakika arobaini. Kwa gari ni habari nyingine. Lazima urudi Songea mjini, usubiri gari la barabara ya kusini ambalo huondoka likijaa, kisha ushuke na kutembea saa mbili nyingine. Kwa hiyo mtu huyu alitoka Songea ili arudi Songea, kwa kupitia porini, hana alichopeleka na hana alichofuata. Mtu wa namna hiyo ama ana wazimu au ana lake jambo, na Mwalimu Aloyce hakuwa na wazimu hata kidogo.

Na kwangu mimi ile haikuwa njia ya matembezi. Mama yangu, Bi Esteria, aliishi Mkuyuni peke yake. Goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki, na kuhamia kwangu alikataa katakata, alisema hawezi kuliacha kaburi la baba bila mtu. Kila alfajiri isipokuwa Jumamosi, ambayo ni siku ya gulio, nilipita njia hiyo nikamchotea maji, nikampasulia kuni, nikamkanda goti kwa mafuta ya moto, nikarudi kituoni kabla basi la kwanza halijafika. Wengine watasema mama yangu aliishi kwa neema ya Mungu. Sikatai, lakini neema hiyo ilipita kwenye ile njia.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu akaja tena. Na iliyofuata. Chai ya rangi, andazi moja, kofia, huyo anashika njia. Jioni hatumwoni akirudi, maana anatokea upande mwingine. Mtu anaingia kwako kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma kila wiki, nawe unyamaze?

Lazima pia mkumbuke ilikuwa miaka gani. Kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa: vyama vingi, maduka ya watu binafsi, wanunuzi wa tumbaku wanaokuja na mizani yao wenyewe. Mali za ushirika zilikuwa zinauzwa kama mitumba, na neno mwekezaji lilikuwa jipya mdomoni, bado hatujajua kama ni tamu au chungu. Huko Tunduru watu walikuwa wameokota mawe ya rangi, na dunia nzima ikahamia huko. Binamu yangu Ramson alikwenda Nakapanya na jembe zuri, akarudi baada ya mwaka bila jembe na bila jiwe, ila na elimu nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba watafutaji wakubwa hawaanzi kwa kuchimba.

"Wanaanza kwa kutembea, dada," aliniambia, amekaa kwenye benchi langu anakula andazi ambalo hakulilipia. "Polepole, macho chini. Ukiwauliza wanasema wanaangalia ndege."

"Huyu naye anaangalia ndege?"

"Ana darubini kabisa. Na Jumamosi iliyopita ameokota jiwe, akaligeuza, akalitia mfukoni. Nimemwona kutoka shambani kwangu kwa macho haya."

Lisemwalo lipo. Wengine walisema Mwalimu ana mwanamke Mkuyuni, nikawacheka, maana wanawake wa Mkuyuni nawajua wote na aliye kijana kuliko wote ana wajukuu wanne. Wengine walisema ni mumiani. Mimi sikuhitaji kufika mbali huko. Ardhi ilitosha kunikosesha usingizi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba alifika hadi kwa mama. Jumatatu moja nikiwa namkanda goti, mama akaniambia, "Mgeni wako alipita juzi. Amenichotea ndoo mbili."

"Mgeni wangu yupi?"

"Mwalimu. Anasema anakunywa chai kwako. Kijana ana adabu, ameniambia uko mzima, na gulio lilichangamka." Mama kila mtu mwenye meno yote humwita kijana. "Akaniuliza majina ya vilima, nikamtajia."

"Vyote?"

"Na vijito."

Nilimkanda mama siku hiyo mpaka akalalamika. Mtu anayeokota mawe sasa alikuwa na majina ya vilima na vijito, na amepewa na mzee asiyejua kalamu inaweza kufanya nini. Nikamwambia mama asimtajie tena kitu. Mama akasema maji aliyochota yalikuwa ya kweli.

Nikaamua kumbana mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, wiki moja kabla ya uchaguzi, na basi lililomleta lilikuwa limechelewa, kwa hiyo wateja wengine walikuwa wameshatawanyika. Nilimmiminia chai kikombe cha pili bila kuombwa, nikakaa mbele yake.

"Mwalimu, mimi ni mjumbe wa nyumba kumi hapa. Niambie ukweli. Unatafuta nini kwenye ile njia?"

Hakushtuka. Alivua kofia akaiweka gotini. Akaniambia kwamba aliwahi kupelekwa kusoma Uingereza mwaka mmoja, na kwamba mwaka huo ungemuua kwa upweke kama si mabasi. Kila Jumamosi, alisema, watu wa kule wanapanda basi la kwenda mashambani. Wazee waliostaafu, wajane, watu wenye magari yao wameyaacha nyumbani. Wanashuka penye geti la shamba la mtu, wanatembea katikati ya kondoo na ngano, wanavuka kilima, wanatokea kijiji kingine na kupanda basi jingine kurudi. Wana vitabu vidogo vinavyosema shuka hapa, pita zizi, kunja kushoto penye kanisa, basi la kurudi ni saa kumi.

"Wanakwenda kumwona nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu."

"Na mwenye shamba anawaangalia tu?"

"Hana la kufanya, mama. Ameweka hata vingazi vidogo kwenye uzio ili wavuke. Njia ikishachorwa kwenye ramani hakuna wa kuifunga, hata anunue shamba lote."

"Na inachorwa vipi?"

"Watu wakiipita siku zote, inachorwa."

Nikamtazama. "Na wewe unaichora hii ya kwetu?"

"Naichora, ndiyo," akasema, tena kwa fahari, akatoa daftari kwenye kibegi akanifungulia. "Nataka niandike kitabu kama kile, kwa ajili ya watu wa Songea mjini. Watu wanakaa Lizaboni wiki nzima, hawajui nchi yao ilivyo nzuri."

Ilikuwa imechorwa kweli. Kituo, kalavati, shamba la Ramson, kijito, kilima, Mkuyuni. Pembeni mwa kituo aliandika: *Mama Leo, chai nzuri. Kila asubuhi huenda Mkuyuni kwa mama yake.* Na mwisho wa njia: *Bi Esteria, mama yake Mama Leo. Maji ya kunywa.*

Jina langu na la mama yangu yako kwenye daftari la mtu wa mbali, pamoja na saa ninayotoka nyumbani. Yote aliyosema kuhusu wajane wa Uingereza wanaopanda basi kwenda kuangalia kondoo wa mtu nisingeyaamini hata kama angeapa madhabahuni. Nani aache gari lake nyumbani akatembee kwa miguu? Lakini hilo moja nililiamini, kwamba anachora, na kwamba kikishachorwa hakifutiki.

Siku ya pili yake nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Makarius, na Ramson nikamkuta hapo. Ramson alitaka vijana wamsubiri Mwalimu pale kijitoni wamnyang'anye daftari. Mzee Makarius ni mtu wa polepole, hata kikombe akikinyanyua unaweza kwenda dukani ukarudi. Akasema kumgusa mtumishi wa serikali ni kujiitia polisi.

Wazo nililitoa mimi, na sitamsingizia mtu. Kwetu ukikosana na jirani humtukani. Unailima njia inayotoka kwake kuja kwako, unapanda maharage juu yake, na akiamka asubuhi anaelewa. Siku mkipatana mnaikanyaga pamoja, kwenda na kurudi, mpaka ifunguke tena. Nikasema, basi na huyu tumlimie.

"Na sisi tutapita wapi?" Mzee Makarius akauliza.

"Sisi tunajua tunakokwenda, mzee. Yeye anafuata njia."

Alicheka mpaka akakohoa. Neno hilo lilizunguka kijiji kizima, na naungama nilijisikia vizuri sana.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mwezi wa kumi na mbili, tulitoka watu ishirini na majembe na mtungi wa togwa. Tulilima njia kuanzia nyuma ya kibanda changu hadi mwisho wa shamba la Ramson, tukapanda mahindi na maharage. Kule kijitoni tuliliondoa gogo la kuvukia. Katikati ya pori hatukuhangaika, majani ya masika yangefanya kazi yenyewe. Upande wa Mkuyuni nililima mwenyewe mbele ya nyumba ya mama, naye amekaa mlangoni ananitazama.

"Kijana wa watu kakukosea nini?" akauliza.

"Anataka ardhi, mama. Sikiliza. Mtu yeyote akija na kalamu, hakuna njia. Na mimi sipiti huku. Umesikia? Huna mtu Lihangwe."

"Nikiulizwa na padre je?"

"Hata padre."

Sisi wenyewe tuliendelea kupita, lakini kwa akili. Siku moja unapita kati ya mistari hii, siku nyingine ile, unavuka kijito juu kidogo au chini kidogo, usiache alama. Mama nilimwona kila siku kama kawaida. Nililowa umande hadi kiunoni na sikujali.

Mwalimu alikuwa likizoni kwao, akaja tena Jumamosi baada ya Mwaka Mpya. Alikunywa chai, akashika kofia yake, akazunguka nyuma ya kibanda. Akarudi taratibu.

"Mama Leo, njia iko wapi?"

"Njia gani, Mwalimu?"

"Ya Mkuyuni."

"Hapa pana shamba. Labda umekosea kituo."

Ramson alikuwa kwenye benchi, akainamia kikombe chake kuficha kicheko. Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu. Sikuinamisha macho, nimezoea kutazamwa na makondakta. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, "Kama mmeifunga kwa ajili yangu, mimi nitaacha kuja. Lakini ifungueni mpite ninyi."

Nikajisemea moyoni, sikia anavyoitaka. Akasubiri basi la kurudi Songea akiwa amesimama, chai ya pili hakuitaka. Hakuja tena.

Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamenipita kimo, likaja gari la wapima ardhi. Kijana mmoja akashuka, mnene kidogo, jina lake Kassimu, amebeba chombo cha miguu mitatu na minyororo na fimbo za rangi. Huyo alikuwa na mzigo wa kutosha watu watatu, kwa hiyo nilimpokea vizuri. Akaniamkia shikamoo. Akaagiza chai kwa wote. Kisha akafungua faili.

"Mama, nimeambiwa wewe ni mjumbe wa hapa. Kuna njia ya miguu inayokatisha lile shamba la zamani?"

Nikajua mara moja katumwa na nani. Mwalimu ameshindwa mwenyewe, sasa analeta serikali.

"Hakuna," nikasema.

"Haikuwahi kuwapo? Hata ya kwenda Mkuyuni?"

"Mimi nimezaliwa huku, mwanangu. Watu wa Mkuyuni wana barabara yao."

Aliandika. Alinyanyuka akaenda kutazama nyuma ya kibanda, akaona mahindi, akarudi. Kisha akanipa karatasi nitie saini. Mimi nimemaliza darasa la saba na si mtu wa kutia saini ovyo. Niliisoma mara mbili nikitafuta ujanja. Haikuwa na ujanja wowote. Ilikuwa imeandika nilichosema, neno kwa neno. Nikatia saini kwa majina yote mawili, langu na la ukoo, kwa mwandiko mzuri.

Mwezi wa tano zikaletwa nguzo na seng'enge. Kampuni ya tumbaku ilikuwa imenunua shamba la ushirika lote, kuanzia mpaka wa Ramson hadi mgongoni mwa Mkuyuni. Mwalimu Aloyce hakuhusika hata kwa nukta. Shamba lilikuwa kwenye orodha ya kuuzwa miaka miwili kabla hajafika Songea. Haya tuliyasikia kwenye mkutano wa kijiji, Kassimu amesimama mbele yetu na faili lake, na mlinzi wa kampuni pembeni ameshika mbwa.

Mzee Makarius aliuliza, safari hii bila upolepole, kwamba watu watapita wapi.

"Njia zote zinazotumika na wananchi zimeachwa wazi," Kassimu akasema. "Ndiyo sheria ya mauzo haya. Upande wa kaskazini tumeacha mbili, magharibi tumeacha ya kwenda kisimani. Huku kwenu tuliuliza, tukaambiwa hakuna."

Watu wakaanza kusema kwa pamoja kwamba ipo. Ramson alisema kwa sauti kuliko wote. Kassimu akangoja wachoke, kisha akauliza kama kuna anayeweza kumwonyesha. Tukatoka wote hadi nyuma ya kibanda changu. Tulikuwa tumevuna mahindi wiki ile. Mabua ya mahindi yalikuwa yamesimama kwa mistari iliyonyooka vizuri, maana tulipanda kwa kamba, kama alivyotufundisha bwana shamba.

Hakuna aliyenitazama. Ningependa wangenitazama.

Tangu siku hiyo sikufika tena kwa mama alfajiri. Nilijaribu kupenya mara moja, mbwa akanirarua kitenge, na mlinzi akaniambia mara ya pili hatamshika. Nikampelekea mama ujumbe kupitia dereva wa gari la kusini kwamba majirani wamsaidie maji. Jirani wa karibu kule ana umri wa mama.

Wiki ya pili nikafunga kibanda, nikapanda basi kwenda Songea. Lizaboni nilimkuta Mwalimu Aloyce barazani anasahihisha madaftari. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, na yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Mwalimu, naomba lile daftari."

Aliingia ndani akaleta. Mke wake aliniletea uji, nikaunywa kwa aibu. Alipoona nalia, Mwalimu alisema twende wote ofisini kwa wapima, labda watasikiliza.

Kassimu alitupokea vizuri. Aliufungua ule ukurasa, akaufuata kwa kidole kutoka kituoni hadi Mkuyuni, akatikisa kichwa kwa kuusifu. "Mwalimu, umechora vizuri kuliko vijana wangu," akasema. Kisha akasoma pembeni, *kila asubuhi huenda Mkuyuni kwa mama yake*, akaninyooshea kidole. "Ndiye wewe huyu?"

"Ndiye mimi."

Akavuta faili, akatoa ile karatasi yangu akaiweka karibu na daftari. "Huyu ni mpita njia kutoka Bukoba, anasema njia ipo. Huyu ni mjumbe wa hapohapo, amezaliwa hapo, anasema haikuwahi kuwapo. Mama, ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, ungemwamini nani?"

Jibu nililijua, na Mwalimu aliyekaa pembeni yangu alilijua pia.

"Hata hivyo hatukuishia kwako," Kassimu akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia. "Tulituma watu upande wa pili nao waulize. Kama huko wangesema ipo, tungerudi kuangalia upya." Akageuza karatasi nyingine, akasoma: "'Bi Esteria, mjane, umri unakadiriwa miaka sabini na tano, nyumba ya mwisho Mkuyuni. Amesema hakuna njia. Amesema hakuna mtu anayekuja kwake kutoka Lihangwe. Alipoulizwa kama ana mtoto au ndugu huko, amesema hana mtoto.'" Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba.

Mwalimu alikohoa, akaangalia dirishani. Kassimu alifunga faili na kusema kampuni imeshapewa hati, naweza kuandika barua, lakini asingependa kunidanganya.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja stendi. Gari la kusini liliondoka saa nane, likiwa limejaa. Niliposhuka nilitembea saa mbili na kidogo, peke yangu, na kwa mara ya kwanza niliiona Mkuyuni kutoka upande ambao Mwalimu alikuwa anatokea akirudi kwao. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Mtungi ulikuwa mkavu. Alikuwa amepungua mashavu kwa hizo wiki mbili tu.

"Mbona umetokea huko?" akauliza.

"Huku ndiko kulikobaki, mama."

Nilikwenda kuchota, nikawasha moto, nikachemsha mafuta. Nilipokuwa namkanda nikamuuliza kama kuna watu waliwahi kuja na makaratasi.

"Walikuja wawili," akasema, na uso wake ukachangamka. "Wana adabu, wakaniamkia. Nikaiona kalamu, nikakumbuka. Wakaniuliza njia, nikasema hakuna. Yule mmoja mjanja, akanizungukia huku na huku. Akasema, bibi, kweli mtu wa umri wako huna hata mtoto wa kukuletea maji? Nikasema sina. Akauliza tena. Nikasema sina, nilizaa wakafa." Alinishika mkono uliokuwa na mafuta. "Nilidhani wanakutafuta wewe. Nilisema vizuri?"

Nilimwambia alisema vizuri.